Meno ya Flapu, na Mlio Aliousikia Zuhura

Wanangu mnaoanza ufundi wa ndege, nasikia siku hizi mnapima flapu kwa kifaa kinachowekwa juu ya bawa na kutoa tarakimu chenyewe. Hongereni. Mimi nilipima kwa protrakta ya plastiki niliyoichomoa kwenye begi la binti yangu wa darasa la sita. Nikaikalia bila kujua, ikapata ufa, na kesho yake mtoto akaadhibiwa shuleni kwa kukosa vifaa vya hesabu. Hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii, na ndilo pekee ambalo nina hakika nalo. Mengine yote nimeyazungusha kichwani miaka mingi na bado sijui yalikaaje.

Jina langu ni Lusajo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Mbugani, mtaa wa mjini kwetu, yalipoanza kujaa bidhaa ambazo zamani tulizisikia tu. Tajiri mmoja wa Dar alinunua ndege kuukuu ya injini moja, akaiweka Mbeya, nayo ikawa inashuka kwetu Kyela mara mbili kwa wiki na dawa, barua na wafanyabiashara wenye haraka. Kiwanja chetu kilikuwa cha nyasi, upande wa Njisi, katikati ya mashamba ya mpunga, na mwisho wake kulikuwa na mstari wa michikichi. Fundi nilikuwa mmoja tu, mimi.

Kwa asiyejua, nyuma ya bawa, karibu na tumbo la ndege, kuna kipande kinachoteremka kama mlango wa banda la kuku. Hiyo ndiyo flapu. Ikiteremka kidogo, bawa linabeba zaidi, na ndege nzito inaweza kuondoka ardhini mapema. Ikiteremka sana, inashika upepo na kuirudisha ndege nyuma. Hiyo ni ya kutua, si ya kuruka. Yetu iliteremshwa kwa mkono wa chuma uliokuwa sakafuni kando ya rubani, kama handbreki ya lori. Mkono ulikuwa na meno manne. Unavuta, ta, jino la kwanza, nyuzi kumi. Ta, la pili, ishirini. Hivyo hivyo mpaka arobaini. Ukitaka kuzipandisha unabonyeza kifungo kwa kidole gumba na kuuachia mkono urudi, nao ukishika jino jingine unalia ta ile ile.

Mtu wa kwanza kunifundisha flapu hakuwa na cheti. Alikuwa Mzee Ambilikile, mlinzi wa kiwanja na mfyekaji wa nyasi zake. Wiki yangu ya kwanza pale alinikuta nimeziteremsha zote, nazipaka grisi.

"Ugonile, tata," nikamwamkia.

"Ndaga," akajibu, macho yakiwa kwenye bawa. "Ukiruka hivyo utalala kwenye michikichi."

"Mzee, wewe umezijuaje flapu?"

"Nimeziona zikiteremka mara nyingi kuliko wewe ulivyoona ugali."

Kumbe alikwenda Burma wakati wa Vita vya Pili, kijana wa miaka ishirini hivi, akapangiwa kupakia mabomu kwenye ndege za injini nne. Kiwanja chao kilikuwa kifupi, kimekatwa msituni, na ndege zilijazwa mabomu na mafuta mpaka magurudumu yakabonyea. Kila zilipoondoka wapakiaji walisimama pembeni kuangalia, maana walitaka kujua kazi yao imefikia wapi.

"Robo inakuinua," alikuwa akisema. "Nusu inakubishia. Yote inakukalisha."

Nikaandika kwenye daftari langu. Siku nyingine akanieleza zaidi. Alisema wale marubani waliteremsha flapu robo wakiwa bado wamesimama, breki zimeshikwa, injini zinanguruma mpaka mkia unatetemeka, ndipo wakaachia. Nikaandika na hilo. Wiki mbili baadaye akanisimulia tena, na safari hii flapu zilikuwa juu kabisa. Ndege ilikimbia ikiwa nyepesi kwa upepo, ikafika kwenye pipa jeupe lililowekwa kando ya njia, ndipo rubani akaziteremsha kwa ghafla na ndege ikaruka kama panzi.

"Mzee, mbona juzi ulisema wanaziteremsha kabla?"

"Juzi nilisema ya juzi."

Nikajiambia mzee wa watu anachanganya, au ananichezea. Nikamuuliza rubani wetu, Kapteni Rashidi, mtu wa Tanga, mpole, aliyesomea urubani ng'ambo. Akacheka.

"Zote mbili ni kweli, fundi. Kitabu kinataka uziweke kabla. Lakini penye matope na njia fupi wako waliokimbia bila flapu, wakazivuta dakika ya mwisho. Kila ndege nzito ina tabia yake, na kila rubani ana mkono wake."

"Sasa ipi ni sahihi?"

"Ile itakayokupitisha juu ya miti."

Jibu hilo lilinivuruga kuliko swali lenyewe. Nilitaka namba. Fundi anaishi kwa namba.

Sasa nije kwenye waya, ule unaounganisha mkono wa chuma na flapu. Zamani, kila kitu kilipokuwa mkononi mwa shirika moja, vipuri havikuwapo, lakini kikipatikana kimoja kilikuja na karatasi zake. Enzi za ruksa vipuri vikaja vingi, karatasi zikapotelea njiani. Waya wa flapu ulikuwa umeanza kuchanika nyuzi, tajiri akaleta mwingine kutoka Dar, mpya, unang'aa, umefungwa kwenye gazeti. Nikauweka. Nikakaza, nikapima kwa ile protrakta yenye ufa, ikanionyesha ishirini kwenye jino la pili. Nikatia sahihi. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na ardhi ilikuwa laini. Kama ndege ilikaa sawa nilipokuwa napima, au ilikuwa imelala upande, sikuangalia.

Ikaja masika ambayo watu wa Kyela wanaikumbuka kwa majina ya watoto waliozaliwa. Mito ilivuka kingo, daraja la kwenda Tukuyu likakatika. Kapteni alikuwa amekuja na maboksi ya dawa, mvua ikamshika, akalala kwetu siku mbili. Siku ya tatu mvua ilikatika. Kufikia adhuhuri nusu ya kiwanja ilikuwa ziwa dogo lenye vyura, nusu nyingine ni nyasi zenye maji.

Saa saba mchana ikaja pikapu ya hospitali, na nyuma yake Salum anakimbia kwa miguu, kanzu ameikunja mpaka magotini. Salum alikuwa mfanyabiashara wa Mbugani, babu yake alitoka Kilwa. Yeye aliuza dukani, na mkewe Zuhura aliendesha mashine yao ya kukoboa mpunga. Asubuhi hiyo mkanda wa mashine ulikuwa umeshika mkono wa gauni la Zuhura, na ukauvuta mkono wa kulia pamoja na gauni. Daktari wa Kyela alikuwa amefunga kilichowezekana kufungwa. Alisema bila kuzunguka kwamba mgonjwa asipofika Mbeya leo, hatafika.

Kapteni alikwenda kupima njia kwa miguu yake mwenyewe. Alirudi viatu mkononi.

"Hatua mia nne," akasema. "Na nyasi zinashika magurudumu. Fundi, tupunguze."

Tukang'oa viti vyote isipokuwa cha rubani na kimoja cha nyuma, cha sista wa hospitali aliyemsindikiza mgonjwa. Nikatoa mafuta, dumu baada ya dumu, mpaka yakabaki ya kufika Mbeya na akiba kidogo. Ndege ile haikuwa na mabomu, lakini kwa matope yale na njia ile, mtu mmoja wa ziada alikuwa sawa na bomu. Na Salum alikuwa ameshaingia, amekaa sakafuni ameshika mguu wa mkewe.

"Shuka, ndugu yangu," nikamwambia.

"Fundi, huyu mke wangu. Nitamwachaje peke yake angani?"

Zuhura alikuwa amelazwa kichwa kikielekea mbele, karibu na mkono wa flapu, uso umekuwa rangi ya majivu. Tulidhani hasikii. Akafumbua macho.

"Salum, shuka," akasema. "Wewe ni gunia mbili za mpunga. Unataka kuniua mara ya pili?"

Salum akashuka, akasimama pembeni analia kama mtoto na kucheka kwa wakati mmoja.

Ndipo Kapteni akaniuliza, kama kawaida tu, "Flapu zako ziko sawa?"

Nikafungua mdomo niseme ziko sawa. Nilikuwa nimezitia sahihi. Lakini nilipozunguka nyuma ya ndege, jino la pili limevutwa, niliona ya kushoto inaning'inia chini ya ya kulia kwa upana wa kidole. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikaangalia tena. Kidole. Nikafunga jicho moja. Nusu kidole. Gurudumu la kushoto lilikuwa limezama matopeni. Labda ni ndege nzima iliyoinama. Labda ni macho. Labda ni waya. Nilijua nikisema, tutapoteza nusu saa, na mwanamke yule hakuwa na nusu saa nyingi. Nisiposema, nitamweka angani kwa sahihi yangu.

"Kapteni," nikasema, "sina hakika."

Hakunigombeza. Alitazama juu, akatazama mgonjwa. "Pima. Haraka."

Mzee Ambilikile alishaleta mbao. Tukainua gurudumu, tukaisukuma ndege juu ya mbao, nikaweka pima maji ya waashi sakafuni mpaka povu lilipokaa katikati. Nikachukua uzi na jiwe, nikachukua protrakta yangu mbovu. Kushoto na kulia zilikuwa sawasawa, kwa hiyo kidole kile kilikuwa cha matope. Lakini zote mbili zilikuwa chini kuliko nilivyoandika. Jino la kwanza lilitoa kama nyuzi kumi na nane. La pili, kama ishirini na nane. Nasema kama, kwa sababu ufa wa protrakta ulipita hapo hapo kwenye thelathini.

"Basi jino lako la kwanza ndilo la pili la kitabu," Kapteni akasema.

"Kama nimepima vizuri."

"Umepima vizuri?"

"Sijui, Kapteni."

Hakukuwa na muda wa kukaza waya upya na kuujaribu. Mzee akasogea, akavua kofia. "Usianze nazo," akasema. "Matope haya, na flapu ziko chini, hutafika popote. Kimbia bila kitu, vuta ukifika pale." Alikuwa tayari amechomeka kijiti chenye kitambaa cheupe, hatua mia mbili na sabini hivi kutoka mwanzo.

"Mzee, ulisema pia waliziweka kabla," nikadakia.

"Kiwanja kikavu!" akanifokea. "Kiwanja kikavu waliziweka kabla. Hukuuliza kama ni kikavu!"

Miaka mitatu mtu yule alikuwa ananipa majibu mawili, na swali lililoyatenganisha lilikuwa langu kuuliza. Wanangu, mkibeba kitu kimoja tu hapa, bebeni hicho.

Kapteni akakubali. Ataanza bila flapu. Kwenye kijiti, kama mwendo umefika, atavuta jino moja. Lisipotosha, atavuta la pili. Kama mwendo haujafika, atakata injini na tutatafuta njia nyingine, ingawa hapakuwa na nyingine.

Upepo wa lile ziwa kubwa la jirani ulikuwa umeanza kuvuma usoni mwetu, na huo tu ndio uliokuwa upande wetu. Injini ikanguruma. Ndege ikaondoka polepole mno, kama mtu anayetembea na gumboti zilizojaa maji. Matope yaliruka mpaka juu ya mabawa. Ilifika kwenye kijiti na kwangu mimi mwendo haukuwa umefika, lakini Kapteni hakukata. Nikaona flapu zikishuka. Naapa niliziona zikishuka. Zimeshuka kiasi gani, sikuona, kwa sababu ya matope. Magurudumu yakaacha ardhi, yakagusa tena, yakaacha. Ikapita juu ya michikichi ikipangusa majani.

Halafu ikadidimia. Ilipokwisha kuivuka miti ikashuka nyuma yake, ikapotea. Tukabaki na mlio tu, na mlio ukapungua, ukapungua, ukaisha. Sasa niambieni, ndege inayokwenda mbali na ndege inayokufa, mlio wa kila moja unaisha. Utazitofautisha kwa lipi?

Salum alikimbia kuelekea michikichini, akakatiza majaruba ya mpunga, akianguka na kuinuka. Mzee Ambilikile alipiga magoti pale pale kwenye maji. Mimi nilisimama na protrakta mkononi. Salum akarudi matope mpaka kifuani. Hakuona kitu. Hakuona moshi wala bati. Lakini ziwa lilikuwa karibu, na ziwa halitoi moshi.

Tulikwenda posta mjini kungojea simu ya Mbeya. Tulikaa kwenye benchi, Salum akisali kimya, midomo inacheza. Ndipo Mzee Ambilikile akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Kule Burma kulikuwa na ndege moja aliyoipakia yeye na wenzake watatu. Iliondoka vizuri, ikapita ukingo wa msitu, halafu ikadidimia vile vile, nyuma ya miti vile vile. Ila ile hawakungojea kujua. Walisikia.

"Mzungu mmoja akasema, aliyekuwa pembeni ya rubani alizipandisha flapu mapema," akasema. "Ndege nzito, mwendo mdogo, ukizipandisha umeliondolea bawa mkono. Mwingine akasema, hapana, wapakiaji walizidisha mabomu. Wapakiaji ndio sisi."

"Mlizidisha?"

"Walituambia tuhesabu. Wale wenzangu walihesabu kwa lugha zao, mimi kwa Kinyakyusa. Tulifika hesabu moja, au tulidhani tumefika." Akatazama viganja vyake. "Watu wengi wamenijibu tangu siku hiyo. Padri alisema ni Mungu. Kaka yangu alisema ni Wazungu. Kila mmoja ana hakika."

Simu ilipolia Salum hakuweza kusimama. Karani akapokea, akasikiliza, akafunika kipaza sauti kwa mkono. "Wamefika," akasema. "Mgonjwa yuko chumba cha upasuaji."

Salum alimkumbatia Mzee, akanikumbatia mimi, akamkumbatia na karani. Mimi nilicheka pamoja nao, protrakta bado mkononi.

Siku nne baadaye Kapteni alirudi. Swali langu lilikuwa moja: "Ulivuta meno mangapi?"

"Moja," akajibu. Jioni, tunakunywa chai, akasema, "Nafikiri mawili." Nilipomuuliza kwa nini ndege ilididimia, alisema huenda upepo ulikatika nyuma ya miti. Nikamwamini. Kesho yake sikumwamini tena.

Zuhura alirudi baada ya wiki sita, barabara ikiwa imefunguka. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya kiwiko. Alikuja kiwanjani na Salum, wametuletea mchele wa mashine yao, ambayo sasa mkanda wake ulikuwa umezungushiwa bati pande zote. Sote tulikuwapo. Akatushukuru kwa Kinyakyusa alichojifunza kwa wateja, "Ndaga fijo," halafu akakaa kwenye kivuli cha bawa.

"Kile kichuma kilichokuwa kichwani kwangu," akasema, "kinafanya kazi gani?"

Nikamweleza flapu.

"Ndiyo maana. Kililia mara tatu. Nilikuwa nahesabu kila kitu nisizimie. Kililia ta, ta, haraka. Tukanyanyuka, majani yakapiga chini yetu. Halafu kikalia tena, ta, na tumbo langu likapanda kooni."

Kapteni Rashidi alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

Nilianza kupiga hesabu, na najua yeye pia alikuwa anapiga. Kama mara tatu zote ni za kuvuta, alikuwa na nyuzi kama thelathini na nane, flapu ya kutua, na ilikuwa ajabu kwamba ndege iliendelea kuruka. Kama ni mbili za kuvuta na moja ya kuachia, basi alipandisha flapu mapema, ndege nzito, mwendo mdogo. Vyovyote vile, meno yale hayakuwa yanatoa nyuzi zilizoandikwa kitabuni, kwa sababu yangu.

"Ile ya tatu," nikamuuliza Zuhura, "mkono ulikuwa unakwenda juu au chini?"

"Fundi, nilikuwa nimefumba macho."

Mzee Ambilikile alikuwa anamtazama Kapteni, na Kapteni alikuwa anatazama ardhi.

Tajiri alinipigia simu wiki ile, anataka niandike kwenye daftari la ndege kwamba waya umerekebishwa na chanzo ni matope. Niliandika nilichopima, nikaandika mgonjwa alivyosikia, na kwenye nafasi ya chanzo nikaandika: hakijulikani. Akasema fundi anayeandika hivyo hafai kulipwa. Kapteni alisoma ukurasa ule mara mbili, akatia sahihi yake chini ya yangu. Ndege, iliyokuwa nyasini tangu Kapteni alipoirudisha, ilibaki hapo mpaka ulipoletwa waya wenye karatasi.

Siku moja katika zile za kungojea nilifika mapema, nikaona flapu zinashuka na kupanda zenyewe. Nikasogea. Kapteni Rashidi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, macho ameyafumba, mkono wa kulia kwenye chuma. Anavuta, ta, ta. Anangoja kidogo. Anavuta tena, ta. Anarudisha zote, anaanza upya: ta, ta, anangoja, kidole gumba kinabonyeza, anaachia jino moja, ta. Alikuwa anasikiliza. Nje, chini ya bawa, Mzee Ambilikile alikuwa amesimama na fyekeo lake, naye anasikiliza. Nilitaka kupanda nimwambie inatosha. Mzee akanizuia kwa kiganja.

"Mwache," akanong'ona. "Mkono wake huenda ukakumbuka."